Penalti ya Mlezi Mkuu

Nchi yenyewe haitatajwa jina. Si kwa hofu, hasha. Ni kwa sababu jina lake lilikuwa limepelekwa mbele ya Kamati ya Maboresho, na hadi haya yanaandikwa wajumbe walikuwa hawajakubaliana nani akae kiti cha mbele. Yatosha kusema kwamba ilikuwa nchi tulivu, yenye barabara moja ya lami iliyotoka Ikulu hadi uwanja wa ndege, na kwamba wananchi wake walikuwa na furaha Jumatatu hadi Ijumaa, saa za kazi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Bondeni, palikuwa na klabu ya soka iliyoitwa Kongwe Veterani. Iliasisiwa na wanaume kumi na wanne waliochoka kuambiwa na wake zao kwamba matumbo yao yanafika nyumbani kabla yao. Katiba ya klabu ilikuwa na vifungu vitano, vyote vimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza na golikipa wao, Mwalimu Anzuruni Mkopi, aliyestaafu baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na minne. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba asiyetimiza miaka arobaini na mitano asijiunge. Cha pili, kwamba mpira ukiteremka sokoni mtu asiufuate. Wauza nyanya wataurudisha. Cha tatu, kwamba mchezo utakuwa wa dakika sitini, kwa kuwa tisini ni za vijana. Cha nne, kwamba mchezaji akianguka aulizwe hali yake kabla ya kuulizwa mpira uko wapi. Cha tano, kwamba kila mgeni rasmi atapewa penalti moja, naye golikipa asiwe na roho mbaya.

Kifungu hicho cha tano ndicho kilichoijengea klabu jina. Mgeni rasmi akishafunga penalti yake hurudi nyumbani kifua mbele, na wiki inayofuata hutuma jezi, au nyavu, au walau gunia la mihogo. Mganga mkuu alifunga. Diwani alifunga. Mwenye kiwanda cha mikate alifunga ingawa alipiga kwa ugoko. Mwalimu Anzuruni alikuwa bingwa wa kazi hiyo: alijua kuchelewa kwa nusu ya pumzi, alijua kunyoosha mkono ukakaribia kuugusa mpira, na alijua kubaki amelala chini akitikisa kichwa kama mtu aliyezidiwa na kipaji. Kwa miaka tisa hakuna mgeni aliyekosa.

Kisha mwenyekiti wa klabu, Bwana Kibwana Ndembo, aliyekuwa mkuu wa stesheni kabla reli haijang'olewa, akaandika barua Ikulu kumwalika Mlezi Mkuu wa Taifa. Barua za namna hiyo huandikwa kwa adabu tu, ili zisijibiwe. Hii ilijibiwa.

*

Siku ya mechi alitangulia Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Ndekelo, amevaa suti nzito kwenye jua kali na kukumbatia faili jekundu kama mtoto mchanga. Alimkuta Mwalimu anafunga kamba za viatu.

"Wewe ndiye mlango?"

"Ndimi golikipa, Bwana Mkurugenzi."

"Vizuri. Mtukufu atapiga upande wa jukwaa. Wewe utaruka upande wa soko."

"Nimeelewa. Niruke anapopiga, au akishapiga?"

Bwana Ndekelo alifungua faili, akasoma, akalifunga. "Ruka mapema, Mwalimu. Kuchelewa ni dharau."

Maelekezo yalikuwa wazi, na Mwalimu Anzuruni alikuwa mtu wa kupenda maelekezo yaliyo wazi. Asichokijua ni kwamba asubuhi ileile Idara ya Usalama ilikuwa imekaa kikao chake. Wajumbe walishtuka kusikia kwamba upande atakaopiga Mtukufu unajulikana na watu kumi na mmoja. Wakaona ni hatari. Wakaubadilisha, na kwa kuwa mabadiliko yenyewe yalikuwa siri, hakuambiwa mtu ila Mtukufu mwenyewe, tena kwa kunong'onezwa.

Dakika ya arobaini na moja mwamuzi, Bwana Fungo, alielekeza kidole kwenye doa jeupe. Hapakuwa na kosa lililotendwa. Palikuwa na ratiba. Mlezi Mkuu alivua koti, akashangiliwa. Akakunja mguu mmoja wa suruali, akashangiliwa zaidi. Alipopiga hatua ya pili Mwalimu alikwisha jitupa upande wa soko, kwa utiifu wote aliojaliwa. Alikuwa amelala chini anachunguza mbavu zake mpira ulipokuja polepole, ukamgonga kiunoni, ukatulia ubavuni pake kama paka aliyepata joto.

Bendi ya polisi, iliyokuwa imeshapuliza noti ya kwanza ya ushindi, iliimeza. Katika kibanda cha redio mtangazaji alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili, na nchi nzima ikamsikia akipumua.

"Wasikilizaji," akasema mwishowe, "penalti... bado inaendelea."

Aliyasema hayo mtu aliyekuwa anawafikiria watoto wake. Kufikia Jumatatu yalikuwa sheria.

*

Sheria ya Ukamilishaji wa Penalti ilipitishwa na Bunge kwa kauli moja, ingawa spika aliomba kauli mbili kwa heshima. Kifungu cha kwanza kilitamka kwamba penalti ya Mlezi Mkuu haijapigwa ila imeanza kupigwa, nayo itakamilika wakati muafaka. Cha pili kilimtaka golikipa abaki kwenye mstari wake, amevaa glovu, tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa wakati muafaka hautabiriki. Cha tatu kilisema: "Hakuna mchezaji yeyote atakayeondoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho cha mwamuzi aliyeuanzisha mchezo." Kwa kuwa Serikali ina huruma, cha nne kilifafanua kwamba nyumba yoyote ya mchezaji iliyo ndani ya mita mia nne kutoka doa la penalti itahesabiwa kuwa sehemu ya uwanja, ili wazee wakalale.

Mlezi Mkuu alitia sahihi bila kusoma, kama alivyozoea, akijua kwamba amezungukwa na watu wanaojua kusoma.

Naye mwamuzi Fungo, ili asije akapitiwa akapuliza, aliteuliwa kuwa balozi katika kisiwa chenye watu mia tatu na ndege wengi. Aliondoka na kipenga chake shingoni.

Mwaka wa kwanza Mwalimu Anzuruni alisimama. Wa pili alipewa kiti, baada ya wataalamu kuthibitisha kwamba miguu minne ya kiti inaweza kuwekwa juu ya mstari. Iliundwa Idara ya Penalti yenye watumishi arobaini na sita: mmoja wa kupaka mstari chokaa kila asubuhi, mmoja wa kuhakikisha kwamba ni mweupe, na waliobaki wa kuwasimamia hao wawili. Watoto wa shule waliletwa kumtazama, mikono nyuma. Katika mtihani wa darasa la saba lilitokea swali: "Taja faida tano za penalti kuendelea." Mwalimu alipoonyeshwa karatasi alijaribu kimoyomoyo, akaishia mbili, tena ya pili hakuwa na hakika nayo.

Wachezaji wenzake nao walikaa ukingoni mwa boksi, kama sheria za soka zinavyotaka, wamejifunika kanga za wake zao jua likiwa kali. Waliofariki walikuwa wawili. Viatu vyao viliwekwa mahali walipokuwa wamesimama, na Idara ikavipiga rangi kila mwezi.

"Mwalimu!" Bwana Kibwana alikuwa akipaza sauti kutoka pale ukingoni. "Mwaka wa nne huu nyavu zako hazijatikisika. Ipo timu ya Ulaya inakuulizia!"

"Waambie waje na barua ya Mkurugenzi wa Itifaki."

"Wameshakuja. Nao wamepewa viti!"

Wazee walicheka hadi wakakohoa, na mtumishi mmoja wa Idara akaandika kwenye daftari: kicheko, saa tano na robo, sababu haijulikani.

*

Lakini palikuwa na jambo ambalo Mwalimu hakuweza kulicheka. Alikuwa na binti mmoja, Sikuzani, mkunga katika mji wa Kitopeni, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama yake Sikuzani alipokuwa katika maradhi ya mwisho alimshika mumewe kifundo cha mkono, akamwambia, "Huyu mtoto umwoze mwenyewe, baba Sikuzani. Mkono wako kwa mkono wa mumewe. Usimtume kaka yangu, usimtume mtu." Naye akaahidi. Mwezi uliofuata mazishi ilikuja posa ya Hamduni, fundi baiskeli, kijana mpole aliyekuwa na sifa moja adimu: akiambiwa kitu hurudia kwa maneno yake ili ahakikishe amekielewa. Mwalimu alimpenda papo hapo. Tarehe ikapangwa, nayo ikaangukia siku tisa baada ya mechi.

Mwalimu aliandika ombi la ruhusa. Aliliandika vizuri, kwa aya tatu, pambizo mbili na kiambatisho. Majibu yalikuja baada ya miezi mitano: "Ombi lako limepokelewa kwa furaha. Golikipa anayo haki kamili ya kuhudhuria harusi, mradi asitoke golini." Aliandika tena. Alijibiwa kwamba ombi la kwanza bado linafurahiwa, na kwamba maombi mawili hayawezi kufurahiwa kwa pamoja.

Harusi iliahirishwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu Sikuzani alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya nyavu, kwa kuwa mbele palikuwa eneo la Serikali.

"Baba, sheikh anasema unaweza kumteua mtu kwa maandishi akuwakilishe."

"Najua, mama. Fomu ninayo."

"Umeijaza?"

"Nimeijaza yote, isipokuwa sahihi."

Alitazama vidole vya babake, vinene ndani ya glovu zilizotoboka.

"Basi ichane," akasema. "Nami sitaki kuozwa na karatasi. Hamduni kaniuliza jana: kwa hiyo unamaanisha tungoje hadi Serikali ipige mpira? Nikamwambia ndivyo. Akasema sawa. Lakini baba, mimi sasa nina miaka ishirini na minane. Kila siku nazalisha watoto wa wenzangu."

Mwalimu aligeuka akatazama doa la penalti, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitamani maelekezo yaliyo wazi yangekuwa na kosa.

"Kama huji kwenye harusi," akasema Sikuzani, akifuta macho kwa ncha ya mtandio, "tutaileta hapa. Tuone nani atatufukuza."

*

Hakuna aliyewafukuza, kwa sababu Idara ilikuwa bado inajadili kama bibi harusi ni mpira uliotoka au mpira uliomo. Jumamosi moja saa nne asubuhi likaja basi kutoka Kitopeni. Wakashuka wanawake na masufuria ya pilau, wakashuka wazee wenye kanzu, akashuka sheikh, akashuka Hamduni amepiga pasi hadi soksi. Mikeka ikatandikwa golini, Sikuzani akaketi nyuma ya nyavu chini ya mwavuli pamoja na shangazi zake. Sheikh alikuwa ameshasafisha koo aanze hotuba, vilipolia ving'ora.

Ulikuwa msafara wa magari thelathini. Kwa miaka minne wakati ulikuwa hautabiriki, kisha ghafla ukawa muafaka.

Mlezi Mkuu aliteremshwa na watu wawili. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na ukungu. Aliomba kwanza amsalimie golikipa, na kwa kuwa jambo hilo halikuwamo katika faili, Bwana Ndekelo hakuwahi kulizuia.

"Mwalimu," akasema Mlezi Mkuu kwa sauti ya chini, "siku ile ulilala kabla sijapiga."

"Niliagizwa, Mtukufu."

"Hata mimi niliagizwa. Wananiambia kila siku kwamba bado sijakosa. Nashindwa hata kulala. Nilikosa, sikukosa?"

Mwalimu alitazama huku na huku. Alikuwa amewahi kuulizwa swali la namna hiyo na watoto wengi, kwa sauti hiyohiyo, mwisho wa mtihani. "Ulikosa, Mtukufu. Lakini haikuwa mbaya."

"Ahsante," akasema Mlezi Mkuu, na mabega yake yakashuka.

"Leo umeagizwa kupiga wapi?"

"Hawajaniambia. Wanasema ni siri." Akapepesa macho. "Tena siku hizi sioni mbali. Goli liko wapi?"

"Nitahesabu kwa sauti, Mtukufu. Piga inakotoka sauti. Mimi nitasogea."

Ndivyo ilivyokuwa. Harusi nzima ilibanwa pembeni na askari, sheikh na kitabu chake, masufuria na moto wake. Mwalimu alisimama katikati ya goli akahesabu kama alivyokuwa akihesabia darasa la kwanza, "Moja... mbili... tatu...", kisha akakaa kando kwa heshima, akashika nguzo. Mlezi Mkuu aliupiga mpira kwa kidole gumba cha mguu. Ulikwenda polepole mno, ukapita juu ya ukoko wa pilau, ukafika kwenye chokaa, ukasita, ukavuka.

"Umeingia?" akauliza Mlezi Mkuu.

"Umeingia, Mtukufu."

Bendi ikaitoa ile noti iliyoimeza miaka minne. Shangazi zake Sikuzani walipiga vigelegele, wakidhani ndoa imefungwa. Mtangazaji wa redio alilia hewani. Kwa kuwa goli la mgeni haliandikwi popote, Bwana Ndekelo alifungua faili jekundu pale pale na kumwandikisha Mlezi Mkuu kuwa mchezaji wa Kongwe Veterani, jezi nambari kumi na mbili, kuanzia mwanzo wa mchezo.

Mwalimu alivuta pumzi ya miaka minne. "Bwana Mkurugenzi, penalti imekamilika. Naomba nimsindikize binti yangu Kitopeni, nikamwozee nyumbani kwa mama yake."

"Hongera sana, Mwalimu. Lakini mchezo ulisimama dakika ya arobaini na moja. Zimebaki kumi na tisa." Akatafuta ukurasa. "Kifungu cha tatu. Hakuna mchezaji yeyote atakayeondoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho cha mwamuzi aliyeuanzisha mchezo."

"Mwamuzi huyo ni balozi."

"Ni balozi mzuri sana."

Mwalimu alitafakari. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kusahihisha. "Kifungu kinasema mchezaji yeyote?"

"Yeyote. Sheria haibagui."

"Na huyu aliyeandikishwa sasa hivi, nambari kumi na mbili? Ikulu iko kilomita tatu. Mita mia nne zinaishia pale kwenye duka la mafuta ya taa."

Bwana Ndekelo alilitazama faili, na faili halikumtazama. Milango ya magari thelathini, iliyokuwa imefunguliwa kwa adabu, ilibaki wazi.

"Mwiteni balozi Fungo," akasema Mlezi Mkuu kwa upole.

"Mtukufu, balozi harudishwi bila barua yenye sahihi yako."

"Leteni nitie sahihi."

"Mtukufu," akasema Bwana Ndekelo, jasho likimchuruzika ndani ya suti, "kwa amri uliyoitia sahihi mwaka wa pili, mchezaji hagusi karatasi ya Serikali mchezo ukiwa unaendelea. Ilikuwa ya kumzuia golikipa asiandike maombi."

Kutoka ukingoni mwa boksi ilisikika sauti ya Bwana Kibwana: "Karibu timuni, Mtukufu! Kiti chako hiki hapa. Mpira ukiteremka sokoni usiufuate!"

*

Palipotulia, sheikh alisogea golini na kuuliza kama wanaweza kuendelea, maana pilau inapoa. Akawaketisha Mwalimu na Hamduni magoti kwa magoti, akawaambia washikane mikono ya kulia.

"Mkono mtupu," akasema sheikh. "Vua glovu."

"Haiwezekani!" akadakia Bwana Ndekelo. "Kifungu cha pili. Golikipa huvaa glovu!"

Mwalimu Anzuruni aliitazama glovu yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvuka mstari uliochorwa na mtu mwingine. Hata daftari zake hakuandika nje ya pambizo. Aliuma ncha ya kidole cha kati kwa meno, akavuta. Mkono uliotoka ulikuwa mweupe na umekunjamana, kama kitu kilichokaa majini. Akauweka katika kiganja cha Hamduni, akasema maneno yanayosemwa, neno moja moja, kwa sauti ya darasani, hadi yakaisha. Hamduni akajibu kwamba amekubali, kisha akayarudia kwa maneno yake mwenyewe, sheikh akalazimika kumwambia kwamba yanatosha.

Mlezi Mkuu alikuwa mmoja wa mashahidi. Mtumishi wa Idara aliandika: dakika ya arobaini na moja, golikipa alivua glovu moja.

Basi liliondoka alasiri. Sikuzani alipitisha vidole katika tundu za nyavu, babake akavishika kwa mkono ule mtupu, akavishika hadi dereva alipopiga honi mara ya tatu. Kisha vumbi likapanda hadi kwenye duka la mafuta ya taa, likavuka, likaendelea.

Mwalimu alirudi kwenye kiti chake juu ya mstari. Mlezi Mkuu aliomba asogezewe chake karibu, kwa kuwa pale ukingoni hasikii vizuri. Wakakaa wazee wawili, kila mmoja na nguzo yake, wanatazama mpira ambao watumishi walikuwa wameuweka katikati ya uwanja, tayari.

"Mwalimu, wamesema zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa, Mtukufu."

Mlezi Mkuu alizihesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akatikisa kichwa.

"Si nyingi."

"Si nyingi," akasema Mwalimu, na ile glovu hakuivaa tena.